Insulini ya mtoto haikatwi, hata wakuletee gazeti gani

Dada, weka simu chini umdunge mtoto sindano yake ya leo. Halafu urudi usome.

Umesema una mtoto wa miaka tisa mwenye kisukari aina ya kwanza. Shemeji yako ameleta habari ya yule mwanamke wa Uchina aliyeacha sindano baada ya kuwekewa seli shina (seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za aina nyingine), na kuna kliniki hapa Nairobi inataka laki nne. Tena imewaambia mwanze kupunguza insulini wiki moja kabla, "ili mwili ujiandae". Wengi hapa mtandaoni wamekujibu kwa upole: tafuta daktari wa pili, muombe Mungu, pima mwenyewe. Mimi upole huo sina. Maneno hayo hayo ya kupunguza insulini ndiyo yaliyotulaza kwenye viti vya plastiki nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, na aliyeyatamka alikuwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri.

Kitinda mimba wetu alipatikana na kisukari akiwa kidato cha pili. Habari ya yule mwanamke wa Uchina, wa mjini Tianjin, ilipotoka Septemba 2024, ilifika kwenye kikundi chetu cha familia cha WhatsApp kabla hata ya jioni. Mjomba akasema kuna mtu anamjua. Mama akauza ng'ombe, mimi nikachukua mkopo wa sacco. Yule mtu wa kliniki alitufungulia habari yenyewe kwenye kompyuta, akaweka kidole kwenye mstari unaosema mgonjwa hahitaji tena insulini. Mstari huo ulikuwa wa kweli, na ndiyo sababu tulimwamini. Mistari mingine yote aliiruka.

Sasa nikusomee alichoruka. Yule mwanamke alikuwa na miaka 25, na alikuwa amepandikizwa ini zamani, kwa hivyo tayari alikuwa anameza dawa za kushusha kinga ya mwili. Kisukari aina ya kwanza ni kinga ya mwili wenyewe kuziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Ukiweka seli mpya bila kuituliza kinga hiyo, nazo zitauawa. Madaktari walichukua seli zake mwenyewe, wakazirudisha hali ya uchanga kwa kemikali kwenye maabara, wakazilea mpaka zikawa kama za kongosho, ndipo wakazipandikiza kwenye misuli ya tumbo, Juni 2023. Insulini aliendelea kudungwa. Ilipunguzwa kadiri vipimo vilivyoonyesha seli zinafanya kazi, na ilichukua siku 75 kabla hajaiacha. Hakuna popote alipoambiwa aache sindano kwanza ndipo atibiwe.

Sisi tuliambiwa insulini ya sindano "inazifanya seli mpya ziwe vivu". Ndugu yangu akatundikiwa dripu ya maji ya rangi ya manjano, akarudishwa nyumbani, na kalamu yake ya insulini ikafungiwa kabatini. Sikiliza kilichofuata, kwa sababu ndicho kitakachomfuata mtoto wako.

Kwanza kiu. Anaamka usiku anakunywa maji mtungi mzima, anakojoa, anakunywa tena. Kliniki ikasema mwili unajisafisha. Kisha tumbo likaanza kumuuma na akatapika. Tukampeleka kwa maabara ya mtaani, wakampima taifodi, ikaonekana ipo, wakatupa antibiotiki. Hapa Nairobi mtu akitapika na kuumwa tumbo ni taifodi au malaria, mambo yameisha. Hakuna aliyemdunga kidole kupima sukari, na sisi tulikuwa na mashine nyumbani! Usiku ule pumzi yake ikaanza kunuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi, tamu na kali kwa pamoja. Alikuwa amelala chali lakini anavuta pumzi ndefu, nzito, za haraka, kama mtu aliyetoka kupanda ngazi za ghorofa kumi. Kwenye casualty muuguzi akamchoma kidole, na mashine haikutoa namba. Iliandika HI. Maana yake sukari imepanda kupita pale mashine inapoweza kusoma.

Bila insulini, sukari inajaa kwenye damu lakini seli haziwezi kuitumia. Mwili unaanza kuyeyusha mafuta ili upate nguvu, na mafuta hayo yakiyeyuka yanatoa ketoni, na ketoni zikizidi damu inakuwa asidi. Harufu ile ni ketoni. Pumzi zile ni mwili unajaribu kuitoa asidi kupitia mapafuni. Mtu wa kisukari aina ya kwanza anaweza kufika hapo ndani ya siku moja au mbili tu bila insulini, na mtoto hufika haraka zaidi kuliko mtu mzima. Walimpa maji ya mshipani, insulini na potasiamu, wakawa wanampima kila saa. Alipona. Waliokuwa kando yake mle ndani hawakupona wote.

Kwa hivyo kanuni ni moja, na nitaiandika hata mkichoka kuisoma: insulini haisimamishwi. Hata asipokula, insulini ile ya muda mrefu haisimamishwi; tena akiwa na homa mwili unaweza kuihitaji zaidi. Hata akitapika, unapima, unapiga simu kliniki yenu ya kisukari, unarekebisha kipimo kwa maelekezo yao, lakini huikati.

Na msidhani nasema utafiti ni uongo. Mimi sasa nausoma kuliko magazeti ya siasa, na unanipa matumaini ya kweli. Juni 2025 yalitoka matokeo ya seli za kongosho ambazo kampuni ya Vertex ya Marekani ilizitengeneza kutokana na seli shina: watu 12 walipewa kipimo kamili, na baada ya mwaka 10 kati yao hawakuhitaji insulini. Hilo ni jambo kubwa! Lakini wote walikuwa kwenye dawa za kushusha kinga, na mshiriki mmoja wa utafiti huo alikufa kwa homa ya uti wa mgongo ya kuvu, ugonjwa unaowapata watu ambao kinga yao imeshuka. Agosti 2025 ikaja ile ya Uppsala, Uswidi: mwanamume wa miaka 42 aliwekewa kwenye misuli ya mkono seli zilizohaririwa jeni ili kinga isizione, bila dawa zozote za kushusha kinga. Vichwa vya habari vikapiga kelele kwamba anajitengenezea insulini. Ni kweli, lakini kidogo sana, na matokeo yalipotoka alikuwa bado anajidunga kila siku.

Ni kama Timothy Ray Brown, aliyepona Ukimwi mjini Berlin. Alikuwa na saratani ya damu, akapandikizwa uboho wa mtu mwenye jeni adimu inayozuia virusi. Kisa chake kimewafundisha madaktari mengi, na hakuna daktari mwenye akili aliyemwambia mgonjwa mwingine atupe ARV kwa sababu yake.

Hiyo laki nne ndiyo alama ya pili ya hatari. Katika utafiti halali mgonjwa hauziwi dawa ya majaribio. Waulize kibali cha kamati ya maadili, kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu, leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti, na fomu ya ridhaa uende nayo nyumbani ukaisome. Sisi tulipouliza fomu tuliambiwa nafasi zinaisha Ijumaa. Daktari wa kweli hakuvuti mkono kama makanga anayejaza matatu ya mwisho. Na nilipowapigia kutoka hospitali, yule wa koti jeupe alisema tumemlisha mgonjwa vibaya, akakata simu. Pesa hazijarudi mpaka leo.

Umeuliza pia insulini itakaaje stima ikipotea. Hilo lisikutie hofu mpaka useme bora kuiacha. Kuna utafiti uliochapishwa 2021, ulioanzia kwenye joto la kambi ya Dadaab kulekule kwetu, wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva. Ulionyesha kwamba insulini inayokaa kati ya nyuzi 25 na 37 inabaki na nguvu kwa wiki nne. Chungu cha udongo chenye maji, kivulini, kinasaidia sana. Isigande tu, na isiachwe juani.

Nunua pia vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo. Mkiona kiu, kutapika na pumzi nzito, msipitie maabara ya taifodi, nendeni casualty moja kwa moja na mseme mlangoni: huyu ana kisukari aina ya kwanza.

Sasa tujibu hapa, wengi tunasubiri: leo asubuhi mtoto amedungwa? Na mashine inasoma ngapi?