Lifti za ofisini kipindi cha mlipuko wa ugonjwa: anzeni na foleni ya chini

Mkuu umesema jengo lenu lina ghorofa 12 na lifti mbili, bosi kakutupia kazi ya kuandika mpango wa dharura endapo litakuja tena gonjwa kama korona, na wewe unawaza kuandika "mwisho watu wanne" halafu basi. Mwaka 2020 nilikuwa kwenye usimamizi wa jengo moja pale Posta, Dar, jina nalihifadhi, kwa hiyo nakupa nilichokiona kwa macho.

Hiyo ya watu wanne iandike tu. Ila ujue ilikotoka. Ukiingia ndani ya lifti utakuta kibao, mara nyingi kimeandikwa watu 13, kilo 1000. Ile ni hesabu ya uzito, kilo 75 kila kichwa, haihusiani kabisa na kupumuliana. Sakafu yenyewe haizidi sana mita mbili na nusu za mraba, so ukitaka watu waachane mita moja kama WHO walivyokuwa wanasema wanaenea wanne kwenye kona nne, wametazama ukuta kama watoto waliopewa adhabu.

Sasa balaa linaanzia hapo. Saa mbili kasoro asubuhi mwendokasi imemwaga watu, daladala zimemwaga watu, lifti inabeba wanne wanne, waliobaki wamejazana mapokezi robo saa nzima wanapiga stori, barakoa ziko kidevuni, AC inazungusha hewa ileile na mlango wa vioo umefungwa ili baridi isitoke. Yaani mmemwokoa mtu na safari ya dakika moja mkampa kikao cha robo saa na watu arobaini.

Kuna kisa cha Seoul, Korea Kusini, Machi 2020, jengo la ghorofa 19, ghorofa ya 11 kulikuwa na kol senta, yaani ofisi ya kuhudumia wateja kwa simu. Wakapima watu zaidi ya 1,100 wa jengo lile, 97 wakakutwa na korona, na 94 kati yao ni wafanyakazi wa hiyohiyo kol senta. Na kumbuka hao walikuwa wanapanda lifti na wenzao wa ghorofa nyingine na kupishana nao mapokezi kila siku. Waliochunguza wakaona kilichoamua zaidi ni muda wa kukaa pamoja, maana kule ndani watu wamekaa bega kwa bega masaa wanaongea na simu. Ila mwaka huohuo kule Heilongjiang, China, kuna mtu alitoka Marekani, hana dalili yoyote, akajitenga nyumbani peke yake lakini lifti ya jengo akaitumia, jirani wa chini yake akaja kuipanda kwa wakati mwingine wala hawakukutana, na mnyororo wa maambukizi ulioanzia hapo ukafika watu wasiopungua 71. Walishuku sehemu za kushikwa humo ndani. Kwa hiyo sisemi lifti haina neno, nasema usimalizie nguvu na hela zote kwenye lile boksi.

Kwetu kitu kilichopunguza foleni kuliko vyote ni kuongea na wapangaji wasogeze muda wa kuingia. Usiwape dakika, wape dirisha kubwa, ofisi hizi saa moja mpaka mbili, hizi mbili mpaka tatu. Kipindi kile daladala zimeambiwa levo siti, yaani abiria wa kukaa tu, watu wanagombania usafiri vituoni, huwezi kumwambia mtu awe mlangoni saa mbili na dakika kumi akakuelewa. Na usihangaike kuwashawishi wafanyakazi mmoja mmoja, kamata mameneja, memo ikitoka kwa bosi wake mtu anabadilika kesho yake.

La pili gawa lifti. Hapa watu wengi hawapigi hesabu, wanadhani ukitoka watu kumi ukaja wanne basi kasi imeshuka zaidi ya nusu. Si hivyo. Lifti inapoteza muda kwenye kusimama, mlango ufunguke, watu watoke, mlango ufunge. Wakiwa wanne inasimama mara chache inarudi chini mapema. Sasa ukisema hii inakwenda ya 4 mpaka 8, hii ya 9 mpaka 12, inasimama mara chache zaidi. Fundi wa kampuni inayowahudumia lifti anaweza kuipanga kwenye mitambo, akishindwa bandika karatasi kubwa na mweke mlinzi.

Ghorofa ya kwanza mpaka ya tatu watembee. Wajawazito, wazee, walemavu, wenye mizigo hao waachie lifti bila maswali wala kuwadai vyeti mbele za watu. Lakini kabla hujatangaza ngazi nenda kazikague mwenyewe, maana majengo yetu mengi ngazi ni stoo, utakuta maboksi, viti vilivyovunjika, taa zimeungua, na mlango wa ghorofa fulani umepigwa kufuli. Hilo hata bila gonjwa ni hatari ya moto.

Sasa mlinzi. Kuna majengo yana mtu anakaa ndani ya lifti kubonyezea watu. Mtoe humo siku ya kwanza! Abiria anakaa dakika moja, yeye anashinda na pumzi za jengo zima. Asimame nje, karibu na mlango ulio wazi, apewe barakoa za maana, naye na wafanya usafi. Hawa kwenye mipango mingi wanatajwa kama watekelezaji tu.

Feni ya lifti: nyingi zinazima zenyewe lifti ikikaa bila kazi, mwambie fundi aiweke iwake muda wote. Vitufe vifutwe kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, usipulizie moja kwa moja, maji yanaingia nyuma ya vitufe paneli inakufa na bili inakuja kwako. Dawa ya klorini inakula chuma kile king'aacho, ukiitumia pitisha kitambaa cha maji baadae.

Kitu watu wanasahau ni umeme. Ile dakika moja ni dakika moja kama umeme upo. Ukikatika lifti ikiwa katikati ya ghorofa ya 6 na 7 na jenereta inasuasua, hapo mmeshatengeneza ile hali ya muda mrefu, boksi limefungwa, feni imezima, mtu kashikwa na hofu kavua barakoa anapiga kelele. Jaribuni jenereta kila wiki lifti ikiwa inatembea kweli, na namba ya fundi wa dharura ibandikwe ndani, tena ipigwe muone kama inapokelewa.

Mabosi kutaka lifti yao peke yao: kataa, mkiwa na lifti mbili mkampa mmoja asubuhi mmeirudisha foleni yote.

Na zile taa za urujuanimno (UV) za kuua virusi ambazo wauzaji wataanza kukuletea, zile zinaumiza macho na ngozi ya mtu akiwemo ndani. Hiyo hela nunua feni za kusukuma hewa pale mapokezi na fungua ule mlango wa vioo.