Dada wa Kasulu, usitume hiyo advansi: tarehe ya safari mnapewa na wenyeji

Nimesoma swali la mleta mada mara mbili na roho imeniuma. Kikundi chenu cha kina mama 24 mnataka kutoka Kasulu kwenda Burundi mwezi wa nane, siku nne, mjifunze utamaduni na kupata marafiki. Mmepata mtu wa kuwapangia kila kitu, tarehe ameshawapa, hela anaitaka yote kabla ya mwisho wa mwezi. Na wewe unauliza sare ya kitenge, basi la kukodi, faranga zinabadilishwa wapi na sehemu gani za kutembelea.

Dada, hiyo tarehe kaitoa nani?

Kama kaitoa yeye, simamisheni kwanza. Wanawake mnaokwenda kuwatembelea wana kikundi cha kuweka na kukopa kama VICOBA vyetu, wengi kule wanakiita nawe nuze. Kikundi kina siku yake. Wanakutana mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, na siku zilizobaki wako shambani au sokoni. Mkifika Alhamisi na wao hukutana Jumanne, mtamkuta nani? Mtakuta wanawake kumi waliokusanywa asubuhi hiyohiyo na mtu aliyetumwa, wamesimamishwa mstari, wanawaimbia nyimbo mbili, mnapiga picha, mnanunua kikapu, dereva anapiga honi. Sisi tulipopangiwa safari ya namna hii tulilipa laki mbili na nusu kila mmoja, tulikuwa 22, hiyo ni milioni tano na nusu, na tulichonunua ndicho hicho. Kwenye simu yangu leo hakuna namba ya mwanamke hata mmoja wa kule.

Sasa sikiliza siku ya hisa ilivyo, ndipo utajua mnachokosa. Kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanawake watatu, na anayetunza sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Mmoja akichelewa, halifunguki. Likifunguka wanaulizwa wanachama, si katibu: mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana, ulibaki na kiasi gani wiki iliyopita? Wanajibu kwa kukumbuka, ndipo hela zinahesabiwa kwenye beseni mbele ya macho ya wote. Kisha wanaitwa kwa namba mmoja mmoja, kila mtu ananunua hisa kuanzia moja hadi tano, na kila hisa inagongewa mhuri mmoja kwenye kijitabu chake, ili hata asiyejua kusoma ahesabu mihuri yake mwenyewe. Aliyechelewa anatupia faini kwenye bakuli la pembeni. Mama wa VICOBA wa Kasulu akikaa hapo hahitaji kufundishwa aulize nini. Atauliza mkopo wao unarudi kwa miezi mingapi, mwanachama akifiwa wanatoa kiasi gani, na mume akija kudai hela za mkewe wanafanyaje. Hapo ndipo watu wanasogea kwenye mkeka na kubadilishana namba. Mazungumzo ya namna hiyo hakuna ratiba ya mwongoza watalii itakayowapa.

Na hao wapangaji wana mambo mawili yaliyonikera mpaka leo, uyaangalie kwenye karatasi mliyopewa.

La kwanza ni hela ya mkalimani. Nyie ni Waha! Kiha na Kirundi vinasikilizana, bibi wa Kasulu na bibi wa Makamba kule Burundi wanaongea bila mtu katikati. Ukishuka mwambao wa Ziwa Tanganyika, Nyanza-Lac, Rumonge mpaka Bujumbura mtaa wa Buyenzi, Kiswahili kinatosha. Mkalimani anayegeuza Kiswahili kuwa Kifaransa anawapa wenyeji lugha ya ofisini, na kila sentensi inapita kwake. Wanawake wanaacha kuongea wao kwa wao, wanaanza kuongea na mkalimani. Mfuteni kwenye bajeti. Wale wachache wenu wasiojua Kiha wakae pembeni ya wenzao wanaojua.

La pili ni ngoma. Kama mmeahidiwa kwamba kina mama wa kule watawapigia zile ngoma kubwa na nyie mtajaribu, mmedanganywa. Ngoma za Burundi ziliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, na Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais inayowakataza wanawake kuzipiga. Kazi hiyo ni ya wanaume, na maonyesho nje ya shughuli rasmi yanahitaji kibali. Wanawake wana ngoma zao za kucheza na nyimbo zao. Gishora karibu na Gitega mnaweza kwenda kuwatazama wapigaji, ni pazuri. Lakini kutoka mpakani hadi Gitega na kurudi siku nzima imekwisha, na kama siku hiyo ndiyo ya hisa, mmeshapoteza safari.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mwenyeji atafutwe kwanza, basi baadaye. Kwa kuwa mnavukia Manyovu na upande wa pili ni Mugina, tafuteni kikundi cha karibu, Mabanda au Makamba. Njia ya uhakika ni wanawake wanaofanya biashara kuvuka mpaka, wapo sokoni Manyovu, wanajua nani mwenyekiti wa nini. Njia nyingine ni kanisani, WAWATA (wanawake Wakatoliki) au umoja wa kina mama wa Kianglikana, maana parokia za pande zote mbili zinafahamiana. Mkipata namba ya mwenyekiti wao, usimwandikie. Mpigie, au mrekodie sauti kwa Kiha, umsalimie vizuri, utaje watoto, utaje shamba, halafu uulize mambo matatu: siku yao ya hisa, wanaweza kupokea wageni wangapi, na kati ya miezi inayokuja ni upi hawana kazi nzito. Akikwambia mwezi wa saba, nendeni mwezi wa saba.

Kuhusu idadi, 24 ni wengi mno kwa kikundi kimoja. Kikundi cha aina hiyo kina watu 15 hadi 25. Mkiingia wote kwa pamoja mnakuwa wengi kuliko wenyeji, na kikao kinageuka mkutano wa hadhara. Gawanyikeni wanane wanane, muombe vikundi vitatu vya mlima mmoja au milima ya jirani (Burundi vijijini huhesabiwa kwa milima kama sisi tunavyohesabu vitongoji). Jioni mnakutana wote. Laleni hapohapo usiku tatu, msihame. Wageni wa kulala huandikwa kwenye daftari la kaya, kwa hiyo mwenyeji amwarifu mkuu wa mlima mapema na mpeleke majina kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Hela ya chakula na malazi mpeni mweka hazina wao mkononi, mbele ya wanachama, iandikwe kitabuni. Mkipitisha kwa mpangaji hamtajua kilichofika. Zawadi msibebe mawese kupeleka upande wa Rumonge, wana mawese yao mengi. Chumvi ya Uvinza inapokelewa kwa furaha, wazee wao wanaijua tangu enzi za misafara. Wakiwapa impeke, pombe yao ya mtama, kwenye chungu kimoja chenye mirija, na kati yenu kuna walokole na Waislamu, mwambieni mwenyeji siku moja kabla ili asiaibike mbele za watu.

Jambo moja naomba mlichukulie kwa uzito. Wengi wa wanawake hao waliwahi kuwa wakimbizi huku kwetu, Mtabila, Nyarugusu, Nduta. Wengine wanalijua soko la Kasulu kuliko mnavyodhani. Msiwaulize kabila, msiulize mwaka 1972 wala 1993 wala 2015, miaka ya mauaji na machafuko kwao, msiulize waume zao wako wapi. Mwenye kutaka kusema atasema mwenyewe mkiwa mnamenya ndizi jikoni, na nyie mtasikiliza tu.

Makaratasi sasa, maana hapo vikundi vingi vinakwama mpakani. Ukiambiwa kadi ya njano ujue ziko mbili. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, kila mtu na yake. Inaanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchoma, kwa hiyo aliyechoma juzi atarudishwa. Mliochoma zamani hamna haja ya kurudia, inatosha maisha. Ya pili ni ya gari, bima ya COMESA, na dereva asipokuwa nayo basi halivuki hata kama nyie wote mmekamilika. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakivushi. Pasipoti ni 150,000, na wasioweza waulize uhamiaji Kigoma kuhusu hati ya dharura. Viza hamlipi, wote tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Basi lijazwe mafuta upande wetu. Burundi wamekuwa na shida kubwa ya mafuta kwa miaka sasa, msitegemee kupata kule. Dereva awe amewahi kuendesha upande wa kulia wa barabara, kule ndio wanapopita. Msivuke Jumamosi asubuhi, watu wako kwenye kazi za jamii na mtakaa njiani. Na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja: kikao cha saa tatu kwao ni saa nne kwenye simu zenu, msije mkafika wakati wenyeji bado wanafagia.

Sare ya kitenge mtaelewana na fundi wenu, hilo halina madhara. Faranga badilisheni za kuanzia tu, kwenye duka lenye leseni au benki, mkaziombe noti ndogo.

Mpangaji wenu kama ana basi zuri, mkodisheni basi, mlipe thelathini kwa mia kwanza na zinazobaki mkisharudi Manyovu. Kazi yake iishie kwenye usukani.

Namba ya mwenyekiti wao mnayo? Kama hamna, Jumamosi hii tumeni watu wawili Manyovu sokoni wakaitafute. Mkiipata mpigieni jioni, wakiwa wametoka shamba, mkimaliza uje hapa utuambie siku yao ya hisa ni ipi.