Kabla hujanunua kiwanja cha ufukweni Mafia

Wiki iliyopita nimepokea ujumbe wa msomaji, binti wa Kitanzania anayefanya kazi Muscat. "Shikamoo dada. Nina akiba yangu kidogo, na kuna dalali amenipatia kiwanja cha ufukweni kisiwani Mafia, urefu mita 70 toka majini. Nataka nijenge bangaloo za watalii. Nianzie wapi?" Akatuma na picha: minazi, mchanga mweupe, na maji yanakaribia kulamba shina la mnazi.

Marahaba mdogo wangu. Swali lako naulizwa na wengi, basi acha nilijibu hadharani.

Hiyo picha uliyoipenda ndiyo iliyonitia wasiwasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kiwanja chako, kwa maelezo yako mwenyewe, kina urefu wa mita 70 toka majini. Toa 60, uone kama hizo bangaloo zitapata pa kukaa. Halafu kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji haina uwezo wa kuigawa bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mwombe dalali muhtasari wa huo mkutano. Karatasi aliyogonga muhuri mwenyekiti peke yake sebuleni kwake haitoshi. Na kama huko ulishachukua pasipoti nyingine, ujue Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo habari yako ya ardhi ni nyingine kabisa. Tafuta mwanasheria kabla hujatuma hela.

Lakini hata kama kiwanja ni safi, mimi nisingeanza na kiwanja.

Nilipoacha kazi ya benki Dar, sikuwa na hata tofali. Nilipanga nyumba Kilindoni, mji wa hapa Mafia, ya kawaida tu, paa la bati, uani kuna mkorosho. Watu wakaniuliza mbona sikwenda Utende, kwenye hoteli zenye majina na lango la hifadhi ya bahari. Nikawaambia papa potwe, yule samaki mkubwa ambaye wageni wanakuja kumwona, hakai Utende. Msimu wake, Oktoba hadi Februari, anaonekana zaidi upande huu wa magharibi, mbele ya Kilindoni, na mgeni aliyelala Utende lazima akate kisiwa kwa gari asubuhi aje apandie boti huku. Nikakaa pale ambapo boti inaondokea. Hiyo ndiyo akili niliyoitumia, na sioni haya kujisifia.

Boti nilikuwa nakodi. Kazi yangu ilikuwa kuamka kabla ya jua, kwenda pwani kuwasubiri wavuvi wa dagaa. Potwe, pamoja na ukubwa wake wote, chakula chake ni vitu vidogo vidogo, uduvi na dagaa, na anayejua dagaa wako wapi ni yule aliyekesha nao. Wanashusha mabeseni, maji yanachuruzika, kina mama wameshaanza kupatana bei. Unamsalimia nahodha, unamnunulia kahawa, unauliza, "Potwe yuko wapi leo?" Hakujibu kwa mdomo, anakunyooshea mkono tu, na wewe unajua wageni wako leo wataona kitu. Kuna wenye boti za maana wanazunguka bahari nusu siku wakiunguza mafuta kwa sababu wanaona kumuuliza mvuvi ni kujishusha.

Wageni wangu wakirudi wanakuta chakula kwangu: pweza wa nazi, wali, chapati. Chakula kikaleta maombi ya vyumba, nami nikapanga nyumba ya pili. Makaratasi yalifuata: usajili wa biashara BRELA, namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara, leseni ya utalii. Hayo yanachosha lakini yanakwisha.

Kisichokwisha ni watu. Kulikuwa na wakala mmoja mjini, simtaji. Aliniletea wageni msimu mzima, kwao akapokea dola, kwangu akaleta maneno. Mara benki ina tatizo, mara kamisheni imebadilika. Msimu uliofuata akaleta boti yake na kumchukua nahodha wangu kwa mshahara wa ahadi. Nahodha alirudi baadaye, nikampokea, ana watoto. Yule wakala hajarudi, wala hela haijarudi. Nikipita mtaa wa ofisi yake mpaka leo moyo unanienda mbio. Tangu hapo mgeni hapandi boti yangu kabla malipo hayajaingia, hata aletwe na ndugu yangu wa damu.

Nchi nzima ilipokea watalii zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024, na kila mtu anaimba hiyo namba. Wengi wao wanakwenda Zanzibar, Serengeti na Kilimanjaro. Wanaofika Mafia ni wachache, na wanakuja kwa msimu. Masika ya Machi hadi Mei yakiingia, hoteli kadhaa zinafunga kabisa. Mwenye bangaloo za mkopo hapo ndipo anapolia, maana benki haijui masika. Najua, nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza. Mimi nyumba ni za kupanga, naongea na mwenye nyumba tunaelewana. Na nakumbuka 2020, wakati corona ilipofunga anga za dunia. Waliojenga waliuza magodoro.

Vijana wetu mnapenda majengo. Mtu hajawahi kumhudumia mgeni hata mmoja, tayari ana ramani ya hoteli kwenye simu. Uza huduma kwanza! Kisiwani nyanya na vitunguu tunasubiri boti ya kutoka Nyamisati, bandari ya bara. Lete mboga za uhakika uone hoteli zitakavyokutafuta. Fua mashuka. Kodisha boti. Mwaka 2025 mwezi wa Julai serikali ilipiga marufuku wasio raia kufanya biashara kadhaa, na kuongoza watalii imo. Nafasi hiyo ni yetu, lakini mgeni wa Kiitaliano hatakubeba kwa sababu una kitambulisho cha NIDA. Jifunze lugha yake, jifunze matumbawe, jua kwa nini potwe haguswi na kwa nini boti haimkatishi njia. Chuo cha Taifa cha Utalii kipo, nenda kasome.

Msimu huu vyumba vyangu vilijaa kabla Oktoba haijafika. Waliokuwa wanasema "kaacha benki akapike chapati kisiwani" sasa wananipigia kuomba punguzo. Nawapa, ila la masika.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukipata likizo, shuka Dar, panda gari la Nyamisati, vuka na boti na wananchi wenzako. Usije Desemba wakati kila kitu kinapendeza. Njoo Aprili, mvua inanyesha, ukae Kilindoni wiki mbili, uhesabu mwenyewe wageni wanaopita. Godoro lipo, na chakula utalipa bei ya Mtanzania.