Uliza Fundi: AI wangu anaandika mambo ya zamani, nimsomeshe nini?

*Assalaam alaykum fundi. Mie niko Chake Chake, natengeneza mfumo wa buking wa gesti moja ya Jambiani, natumia Python na FastAPI. AI ananisaidia sana lakini kila nikimwambia aandike fomu ya mgeni anatia regex (ule mpangilio wa kukagua maandishi) kwenye namba ya simu, programu haiwaki kabisa, namkosoa anaomba radhi anabadilisha, kesho karudi palepale. Nshaambiwa nimpe dokumentesheni zote asome. Bando langu hili jamani litatosha? – Kijana wa Pemba*

Waalaykum salaam kijana wangu. Kumgombeza hakusaidii, ukifungua mazungumzo mapya yale ya jana hana tena. Alichokuandikia kilikuwa sahihi wakati wake, kwenye Pydantic, laibrari ambayo FastAPI anaitumia kukagua data, vesheni ya 1 neno regex lilikuwa halali na watu wameiandika miaka kila pahala, yeye ndiko alikosomea. Vesheni ya 2 ikatoka Juni 2023, regex ikaondolewa ikaja pattern, na BaseSettings ikahamishiwa pakeji yake peke yake, pydantic-settings. Na kosa lenyewe linakwambia wazi kwenye skrini kwamba regex imeondolewa utumie pattern, ila vijana siku hizi mnalikopi mnambandikia AI bila hata kulisoma, haya.

Sasa hilo la bando. Unachokitafuta sehemu kubwa unacho kwenye laptopu, ulikishusha siku ile ulipofanya pip install. Andika pip show pydantic, utaona vesheni yako na mstari wa Location unaokuonyesha folda ilipo, ingia humo utazikuta faili zote za laibrari na maelezo yameandikwa mulemule chini ya majina ya fankisheni, na hayo ni ya vesheni yako khasa, huko mtandaoni pengine washakwenda mbele. Mbona AI hayaoni? Kwa sababu .venv, folda zinamokaa laibrari za mradi wako, umeitaja kwenye .gitignore, orodha ya vitu ambavyo Git avipuuze, kama inavyotakiwa, na wasaidizi wengi wakipekua mradi wanaruka kila kilichotajwa humo, ndo maana anakujibu kwa kichwa. Mwelekeze mwenyewe basi. Kwenye faili la maelekezo ya mradi, AGENTS.md au CLAUDE.md kutegemea unamtumia nani, andika hivi: "Hapa tunatumia Pydantic 2. Usiandike kitu chake kwa kukumbuka, tafuta kwanza ndani ya .venv, ukikosa niambie." Mistari hiyo inatosha, faili hilo analisoma kila mara kwa hiyo usimjazie hadithi.

Hayo ya kwenye laibrari yana upungufu, yanakwambia kitu kinafanya nini lakini hayakwambii cha zamani kimebadilishwa na kipi. Hapo shusha ukurasa mmoja tu, ule wa kuhamia vesheni ya 2, upo GitHub kwenye folda ya docs ya Pydantic unaitwa migration.md, ni maandishi matupu, hata bando la kuungaunga linauweza. Zote asome? Hapana. Ni kummwagia mtu gunia la karafuu ukamwambia akutolee konyo moja, nafasi yake ya kusoma ina mwisho, na kila anachokisoma unakilipia.

*Mie niko Mjini, ofisini kwetu intaneti si tatizo, mwenzangu kaniwekea Context7. Niiamini? – Msomaji wa Unguja*

Itumie, ni nzuri. Ni ya Upstash, inaunganishwa kwa MCP, ule utaratibu wa kumuunganisha AI na zana za nje waliouleta Anthropic Novemba 2024, AI akikwama anaomba vipande vya dokumentesheni ya laibrari fulani analetewa. Mtajie vesheni, usipotaja unaweza kuletewa ya karibuni na wewe unayo ya zamani, mkarudi kulekule kwa mwenzio wa Pemba. Jengine, maandishi yanayotoka nje ni ya watu usiowajua, yakiwa na sentensi inayomwambia AI apige komandi fulani anaweza kuifuata akidhani umesema wewe, kwa hiyo ile ruhusa ya kupiga komandi bila kukuuliza izime. Na akikutajia pakeji hujapata kuisikia itafute PyPI, ghala la pakeji za Python, kwanza uone ya nani na ina muda gani, maana AI huwa anabuni majina, na mtu mwengine anaweza kulisajili jina hilohilo akatia uchafu wake.