Maswali yenu: unyevu kwenye vifaa vya kusikia

Barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: namna ya kukausha vifaa vya kusikia, ambavyo wengine mnaviita shime sikio. Nimefurahi mmeuliza. Vifaa vingi vinavyofika mezani kwangu havikuanguka wala kukanyagwa. Vimelowa kidogo kidogo, jasho la leo juu ya jasho la jana, mpaka vikanyamaza. Na vingi vingepona kama vingekaushwa mapema.

Asubuhi kifaa changu kinasikika vizuri, lakini ikifika saa nane mchana sauti inakatikakatika kama redio isiyoshika stesheni. Nimebadilisha betri mara tatu wiki hii. Nitafute kingine?

Hapana, na usinunue betri nyingine kwanza. Kifaa kinachozimika mchana na kuamka asubuhi, mara nyingi kina unyevu ndani. Usiku kikiwa nje ya sikio hukauka kiasi, ukadhani kimepona. Ukikivaa tena na jasho likishuka nyuma ya sikio, mambo yanarudi palepale.

Matundu ya maikrofoni ni madogo kama ya ncha ya sindano. Tone moja likikaa pale, sauti inafifia. Isitoshe, betri ndogo za zinki zinatumia hewa; zina vitundu mgongoni, ndiyo maana huja na kibandiko cha kubandua. Maji yakiziba vitundu hivyo, hata betri mpya kabisa itaonekana imekufa. Huenda hizo tatu ulizotoa zilikuwa nzima.

Fanya hivi leo. Fungua mlango wa betri, usogee penye mwanga, uangalie vile vibamba viwili vya chuma vinavyoigusa betri. Vinatakiwa ving'ae. Ukiona ukungu wa kijani au unga mweupe, chumvi ya jasho imeanza kuvila, na hapo ni kazi ya fundi. Usivikwangue kwa kisu. Kama kifaa chako kina mrija unaoingia kwenye moldi, kile kipande kilichochongwa kwa umbo la sikio lako, uinue mrija kwenye mwanga. Mara nyingi utakuta vitone vimejipanga ndani kama umande kwenye uzi. Hewa yenye joto na unyevu kutoka sikioni inakutana na mrija uliopoa kwa hewa ya nje, inageuka maji. Tenganisha mrija na kifaa, toa vitone kwa kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi nayo ina unyevu.

Kisha kikaushe usiku tatu au nne mfululizo. Kisipobadilika, kipeleke kikaguliwe, kwa sababu nta ya sikio iliyoziba kichujio huleta dalili zinazofanana na hizi.

Nichukue chupa yenye punje za kukaushia au mashine ya umeme? Bei zinapishana sana.

Kwa watu wengi chupa inatosha, na nasema hivi nikijua wauzaji wengine hawatapenda. Punje za silika huvuta unyevu kutoka kwenye hewa iliyofungiwa humo, na kifaa kinakauka taratibu ukiwa umelala. Masharti ni mawili: kifuniko kifunge barabara, na uitumie kila usiku. Chupa inayofunguliwa mara moja kwa wiki haina msaada.

Mashine ya umeme inapitisha hewa yenye joto la upole, mara nyingi karibu na nyuzi 40 za Selsiasi, kwa saa kadhaa. Ningemshauri aichukue mtu anayetoka jasho jingi kazini au mazoezini, anayeishi penye hewa nzito ya unyevu, au anayetumia moldi yenye mrija, kwa kuwa hewa inayotembea hukausha mrija vizuri zaidi. Wanaotumia kifaa cha nje cha kipandikizi cha kokleya, yaani kile kinachowekwa ndani ya sikio kwa upasuaji, nao waifikirie, lakini wahakikishe kwanza kwamba mtengenezaji anairuhusu.

Betri za zinki zitoe kabla ya kuweka kifaa kwenye chupa, na uache mlango wake wazi. Betri hizo zina unyevu wake wa ndani ambao zinauhitaji. Punje zikiuvuta, betri inakufa kabla ya siku zake. Kama kifaa chako ni cha kuchaji, betri imefungiwa ndani, usijaribu kuifungua. Soma maelekezo yake: baadhi ya visanduku vya kuchajia tayari vina sehemu ya kukaushia.

Mwanangu, punje zangu zilikuwa rangi ya chungwa, sasa zimekuwa kijani. Zimeharibika?

Shikamoo mzee wangu. Hazijaharibika, zimeshiba maji. Rangi imewekwa makusudi ili ikujulishe. Nyingine hutoka bluu zikawa waridi. Zikishabadilika hazivuti tena, hata ukiacha kifaa humo wiki nzima. Aina nyingine hurudishwa kwa kuziweka kwenye oveni kwa joto na muda ulioandikwa kwenye pakiti, nyingine hutupwa na kuwekwa mpya. Tafadhali, kifaa kisiwemo. Nimewahi kuletewa kilichookwa pamoja na punje zake, ganda lilikuwa limejikunja kama jani kavu, na mwenyewe alikuwa anatetemeka kwa huzuni. Punje hizo zikae mbali na wajukuu pia.

Je, mchele unafaa?

Haufai. Unavuta unyevu kidogo mno, na vumbi lake la wanga linaingia kwenye matundu yaleyale tunayotaka yawe wazi. Mashine ya kukaushia nywele na jua kali navyo acha.

Kikaushio changu kina taa ya UV ya kuua vijidudu. Bado nina haja ya kusafisha kifaa?

Unayo, tena kabla ya kukausha. Mwanga unafika pale tu unapomulika. Vijidudu vilivyojificha chini ya nta haviguswi. Na nta iliyokaushwa bila kufutwa inakuwa ngumu, kuitoa asubuhi ni kazi mara mbili. Futa kwa kitambaa laini kikavu kila jioni. Unapopiga brashi, geuza matundu yatazame chini ili uchafu udondoke nje badala ya kuzama ndani. Moldi ikishatenganishwa inaweza kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Kifaa chenyewe kisiguswe na maji wala spiriti. Sikio likitoa usaha au likiwasha sana, usitegemee taa hiyo. Vua kifaa umwone daktari.

Changu kimeandikwa IP68. Kwa nini nihangaike na kukausha?

Tarakimu 6 inahusu vumbi na 8 inahusu kuzamishwa majini, na ni alama nzuri kuwa nayo. Lakini jaribio hufanyika kwa maji safi, kwa kina na muda maalumu. Jasho lenye chumvi kila siku kwa miaka mitatu ni jambo jingine kabisa, na mipira inayozuia maji huchakaa. Kausha.

Mtoto wangu wa miaka minne ametumbukiza kifaa kwenye beseni la kuogea. Nilikipata baada ya dakika chache. Najilaumu sana.

Pole, na usijilaumu. Mtoto anayevua kifaa chake anafanya wanachofanya watoto wote wa umri wake. Kizime, toa betri uitupe mahali asipofika, tenganisha moldi. Futa maji ya nje, kikung'ute taratibu, kiache mlango wazi kwenye chupa ya punje kwa saa 24 au zaidi. Usiwe na haraka ya kukijaribu, kwa sababu umeme ukipita kwenye maji ndipo saketi zinapoharibika. Kama ni cha kuchaji, usikiweke kwenye chaja kikiwa kimelowa.

Omba pia uwekewe mlango wa betri wenye kufuli ya watoto. Betri ya kitufe ikimezwa ni dharura: nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje dalili. Kifaa kikigoma baada ya kukauka, kipeleke kwa fundi ukamwambie wazi kiliingia maji gani, ya sabuni au matupu, na kilikaa humo muda gani. Hilo ndilo atakalotaka kujua kabla hajakifungua.