Ndoo iliyopasuka imenitoa aibu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, kila asubuhi natafuta kiatu cha mtoto. Kimoja! Mwenzake ninao mkononi. Wewe kwako unafanyaje?"

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Maana miaka michache iliyopita, wifi yangu alikuja kututembelea, umeme ukakatika, na watu watano wazima tukaanza kutafuta tochi. Tuliitafuta kwa mwanga wa simu. Nilipomulika nyuma ya kochi nikakuta pampu ya baiskeli, soksi tatu zisizo na ndugu na rimoti tuliyokwisha kuizika. Tochi hakuna. Wifi, akiwa amekaa kwenye kona yake, akasema taratibu, "Hapa hata mtu akipotea, sijui nani atamwona." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na sitadanganya, mpaka leo neno lile linanichoma.

Kesho yake nilikwenda kununua makasha. Mazuri, ya rangi moja, yenye vifuniko, nikayapanga moja juu ya jingine kama matofali. Mume wangu hadi leo anajua nusu ya bei. Baada ya wiki mbili mpira ulikuwa unakaa juu ya kasha, si ndani yake. Fikiria mwenyewe: mtoto ametoka kucheza, amechoka, kasha la mipira ni la tatu kutoka juu. Atashusha mawili, afungue, aweke, afunike, apandishe mawili? Hata mimi nisingefanya hivyo. Nilipiga kelele mwezi mzima kabla sijagundua kwamba mwenye kosa ni mimi.

Kilichonifungua macho ni ndoo. Ilikuwa imepasuka kitako, nimeiweka mlangoni ili itupwe. Mwanangu mkubwa akaingia na njumu zenye matope, akazirusha kutoka mbali, pu! pu! zote mbili ndani. Nikasimama pale na ufagio wangu, nikaangalia ile ndoo. Kumbe kila siku njumu zilikuwa zinavuliwa hapohapo mlangoni, na mimi nimezitengea kasha chumbani! Chombo ndicho kilipaswa kufuata vitu, mimi nikavilazimisha vitu vifuate chombo.

Ndoo haikutupwa. Nilishika msumari kwa koleo, nikaupasha moto, nikatoboa matundu zaidi kitakoni ili maji yachuruzike (dirisha wazi, moshi wa plastiki si wa kuvuta), kisha nikaweka trei kuukuu chini yake. Njumu zikilowa, gazeti lililokunjwa linaingia ndani ya kiatu kunyonya unyevu. Basi.

Baada ya hapo nikawa kichaa, nakiri. Suruali ya jinzi iliyochanika magoti niliikata mifuko, kila mmoja na kipande cha kitambaa kuuzunguka, nikaishona kwenye turubai dogo na kulitundika nyuma ya mlango. Mfuko wa tochi, wa funguo, wa pampu. Seti ya mashuka inakaa ndani ya foronya yake mwenyewe, hutafuti tena. Maroli ya tishu yaliyokwisha yanabeba nyaya za chaja, moja moja, jina limeandikwa ubavuni. Vibanio vya nguo vinashika jozi za soksi kabla hazijaingia kufuliwa. Trei za barafu ziko kwenye droo, zimebeba vifungo na sindano.

Mitungi ya kioo ndiyo iliyonitesa. Nilitaka ining'inie chini ya rafu: kifuniko unakipigilia kwenye ubao, mtungi unauzungusha ukae. Nikatia skrubu moja katikati ya kila kifuniko, nikajipongeza. Jioni mume wangu anataka misumari, anazungusha mtungi, na kifuniko nacho kinazunguka pamoja nao. Akaendelea kuzungusha, skrubu ikalegea, ikatoka. Misumari na vioo sakafu nzima. Tia skrubu mbili, zikae mbalimbali, kifuniko hakitacheza. Na chagua mitungi midogo, isizidi uzito ambao ubao wako unaubeba.

Hapa sasa nitakuwa mkali kidogo. Dawa ya kufulia, mafuta ya taa au sumu yoyote usiitie kwenye chupa ya soda au maji, hata ukiandika jina. Mtoto hasomi, anaona chupa ya kinywaji. Zile betri bapa kama vifungo usiziache kwenye trei iliyo wazi: mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuanza kumuunguza ndani ya saa 2. Zangu ziko kwenye kopo lenye kifuniko kigumu, juu kabisa. Na hema au koti la mvua usilifungie kwenye ndoo ya mfuniko likiwa bichi, utafungua ukute ukungu.

Na nyinyi dada zangu mnaonitumia picha za makasha mkiuliza yapi bora, mbona mna haraka ya kununua? Kwanza kaa wiki moja uangalie vitu vinaangukia wapi. Halafu angalia unachotaka kukitupa. Najua haipendezi kwenye picha. Ndoo yangu haina mfano kwa ubaya, lakini mwaka wa ngapi huu sijatafuta njumu.

Yule wa kiatu kimoja: weka ndoo mlangoni leo, usingoje Jumamosi.

Mwezi uliopita umeme ulikatika tena, usiku. Mtoto wetu mdogo akaenda gizani, mkono ukaingia kwenye mfuko wa pili wa jinzi, tochi ikawaka kabla sijamaliza kuuliza nani yuko karibu na mlango. Kila kitu kilikwenda nilivyotaka, isipokuwa wifi hakuwepo.