Mtoto wangu ananidanganya macho makavu

SWALI: Mwalimu, jambo. Mtoto wangu ana miaka minne, yuko mwaka wa pili wa maternele, shule ya watoto wadogo. Amekuwa mwongo. Juzi alikula sambaza, vile visamaki vidogo, za watu wote, mafuta bado yako kidevuni, akaapa ni paka. Paka hatuna! Si mtoto mbaya, ila ana kilio: asubuhi nikienda kuuza Kadutu sharti nimwambie naenda chooni, ndipo nipite mlango wa nyuma. Mama mkwe anasema nimpake pilipili mdomoni. Nimpake? Au nimhamishe shule, maana uongo kaupata huko?
Mama wa Panzi, Bukavu

JIBU: Mama, pilipili iache jikoni. Mtoto wa miaka minne anayesingizia paka hajaharibika. Ameanza kutambua kwamba yapo anayoyajua yeye na wewe huyajui, na umri huo wengi hulijaribu jambo hilo. Waongo wanaonitisha ni wa miaka arobaini, na hao hawaniandikii.

Kilichonishtua katika barua yako ni choo. Umekitaja harakaharaka, kama si kitu. Mtoto anangoja, anakwenda kubisha, kimya. Wewe uko Kadutu unapanga mafungu ya nyanya. Jioni unamwambia, "Sema kweli."

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichukua watoto wa miaka 3 hadi 5. Wote waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea. Wengine wakaletewa, wengine wakaambiwa vimekosekana. Kisha kila mmoja akawekewa pipi moja: akivumilia bila kuila, atapata ya pili. Walioletewa walivumilia dakika kama 12 kwa wastani. Waliodanganywa, dakika 3. Subira nayo hutaka mtu mzima wa kuaminika.

Kwa hiyo muage. Saa haijui, lakini chakula anakijua: "Naenda sokoni, nitarudi kabla ya bugali wa jioni." Urudi kweli, na siku ukichelewa umwambie umechelewa. Siku za kwanza atalia parsele nzima isikie. Mkabidhi kwa bibi yake, uende. Na biskuti usiiahidi kama franka hakuna.

Tuje kwenye sambaza. Mafuta uliyaona, ukauliza, "Nani amekula?" Huo ni mtego, na mtoto akitegwa hukana. Nilipofundisha maternele Bagira, uji ukimwagika sikuuliza nani. Nilisema, "Uji umemwagika, lete kitambaa," tukapangusa. Mmoja alikuwa akipangusa huku anakana, shati limelowa uji hadi kitovuni. Sikubishana naye, kitambaa si kilikuwa mkononi mwake? Nawe sema, "Sambaza zimeisha na baba hajala. Tutampa nini?" Atoe kidogo katika fungu lake la jioni.

Akikiri, hata kwa kunong'ona, anza kwa asante, sahani ije baadaye. Utafiti mmoja wa mwaka 2014, kwa watoto wa miaka 3 hadi 7, uliona kwamba hadithi za mwongo aliyepatwa na mabaya hazikuwapunguzia uongo. Iliyosaidia ni ya mtoto aliyekiri kosa akasifiwa. Msomee mama mkwe sehemu hii, taratibu, kwa heshima zake.

Shule usimhamishe. Huko unakotaka kumpeleka nako wamejaa watoto wa miaka minne.